Uzi wa Mashati

Ukitaka kujua ndoa yako imefika wapi, usisumbuke kuuliza watu. Mpe mwenzako nguzo ya hema aishike, wewe shika kamba, jua liwe la saa saba mchana, watoto wawe na njaa, kisha mjaribu kulisimamisha huku majirani wamekaa kwenye viti vyao wanawatazama. Dakika kumi zinatosha.

"Vuta kwako!" mke alisema.

"Si navuta!"

"Unavuta kwangu, Baba Wakili. Kwako ni huko uliko wewe."

Fundi akageuka, akavuta upande wa pili. Hema likainuka, likasita, likalala tena, safari hii juu ya kichwa cha mkewe. Kutoka ndani ya turubai ikasikika sauti: "Mungu wangu, nilikukosea nini?" Binti zao wawili walicheka mpaka wakakaa chini. Fundi naye alicheka, ingawa hakuwa na la kuchekea. Kamba aliyoishika ilitakiwa kuingia kwenye pete ya chuma, na hiyo pete alikuwa haioni.

Watu wote walimwita Fundi, kuanzia tajiri wake hadi mama mkwe wake. Kwa miaka kumi na tisa alikuwa akishona mahema na maturubai kwenye karakana moja nyuma ya soko. Watu walikuwa wameoana, wamezikana na kupokea vyeti vya shule chini ya mishono yake. Kwa hiyo mkewe alipopendekeza wakodi hema la kwendea likizo, alihamaki kabisa. "Nishone mahema ya watu wote hawa, halafu langu nikaazime?" Akakusanya mabaki ya kazi, ya kijani, ya buluu, na kipande kimoja cheupe kilichobaki kwenye hema la mapokezi, chenye nusu ya neno KARIBU. Hema la familia likatoka na herufi nne ubavuni: KARI.

"Nije niwape mkono, jirani?" aliuliza mtu wa hema la pili. Huyu alivaa kofia pana ya kuvulia samaki, na watoto walishampa jina la Bwana Kofia kabla hajawasalimu. Hema lake lilikuwa la dukani, la aina ile ambayo ukiitupa tu inafunguka na kusimama yenyewe.

"Tunashukuru, jirani, tumeshamaliza," Fundi alijibu, hali mkewe bado yuko chini ya turubai.

Hapo ndipo mtoto wa pili aliposogea, akasimama karibu kabisa na mguu wa baba yake. Alikuwa na miaka saba, na aliitwa Kasuku kwa sababu hakuna neno lililopita nyumbani kwao asilirudie. Sasa alinong'ona bila kuangalia juu. "Kulia, Baba. Chini kidogo. Hapo hapo."

Kamba ikaingia kwenye pete. Hema likasimama.

Ukungu machoni mwake ulikuwa umeanza mwanzoni mwa mwaka. Kwanza Fundi alidhani ni vumbi la karakana, akawa anafikicha macho na kunawa uso kila saa. Kisha akanunua miwani ya wachuuzi wa barabarani, ikamwonyesha ukungu ule ule kwa ukubwa zaidi. Hospitali hakwenda. Pale karakana paliwahi kuwa na fundi mmoja mzee, bingwa wao wote, ambaye macho yalipomchoka aliondolewa kwenye cherehani akawekwa kufunga kamba. Kutoka kwenye kamba akapewa ufagio, na kutoka kwenye ufagio akawa haitwi tena kazini. Fundi hakutaka daktari aseme kwa mdomo jambo ambalo mpaka sasa lilikuwa halijasemwa na mtu.

Kasuku alikuwa akitoka shule mchana na kumsubiri baba yake karakana. Siku moja alimkuta anahangaika na sindano, akaichukua, akaitia uzi mara moja tu. Fundi akampa pipi. Kesho yake ikawa vile vile, na keshokutwa. Ikawa kazi sasa: mtoto anatia uzi, anaupitisha kwenye cherehani, anataja rangi, analipwa pipi moja kwa kila sindano. "Hii ni siri yetu," Fundi alimwambia. Na mtoto huyu, ambaye aliwahi kumwambia mgeni mezani kwamba mama amesema unakula sana, siri hii aliishika.

Safari ya kambi Fundi alikuwa ameiahidi kwa miaka minne. Mwaka huu ndiye aliyeiharakisha, na ni yeye peke yake aliyejua sababu. Alitaka kuwaona wanawe wakicheza kwenye maji wakati bado kuna cha kuona.

*

Mahali penyewe palikuwa uwanja wa nyasi kando ya ziwa, na mikaratusi upande mmoja, bomba moja la maji, choo ambacho foleni yake haikuisha, na banda la kupikia lenye paa la bati. Gari la karakana liliwashusha barabarani, wakatembea nusu saa na mizigo. Walipofungua mizigo hiyo wakakuta sukari imeshakaliwa na sisimizi na vijiko vimebaki nyumbani.

"Vijiko vilikuwa kwenye orodha," alisema binti mkubwa. Alikuwa na miaka kumi na minne, aliitwa Wakili, na jina hilo alikuwa amelifanyia kazi. "Namba sita. Aliyepewa namba sita ni nani?"

"Mimi," mama yake alisema. "Nifunge jela."

Walikula kwa vifuniko vya makopo. Wali ulikuwa mgumu chini na maji juu, kwa sababu upepo ulizima jiko la gesi mara tatu, na maharage yalikuwa na ladha ya moshi ingawa hapakuwa na moshi wowote. Walikula wote, wakakwangua sufuria. Mke wa Fundi alikuwa mpiga pasi kwenye dobi moja kubwa mjini, kazi ya kusimama kutwa nzima katika mvuke, na jioni akirudi nyumbani huwa hataki hata kuguswa begani. Hapa alivua viatu, akakunja gauni mpaka magotini, akaingia majini akipiga kelele kuliko watoto.

Fundi alikaa ukingoni. Aliona kitu chekundu kinarukaruka, akajua ni gauni la mkewe. Aliona vitu viwili vyeusi, akajua ni vichwa vya wanawe. Sura zao hakuziona, lakini kicheko cha mkewe alikisikia, na hakukumbuka mara ya mwisho kukisikia hivyo. Alifurahi. Akajiambia, nitamwambia tukirudi, si leo, leo nisiwaharibie.

Wakili alikuja mbio na simu ya mama yake. "Baba, mtazame mama hapa!"

Fundi aliishika simu, akaisogeza mbali, akaileta karibu. "Amependeza."

"Amependeza? Baba, si amefumba macho na ametoa ulimi!"

"Ndivyo hivyo hivyo. Mimi kwangu anapendeza."

Mkewe akamrushia maji, wote wakacheka. Wakili alicheka kidogo, kisha akaendelea kumtazama baba yake.

"Na wale ndege unawaona? Pale kwenye manyasi."

"Nawaona, mbona."

"Wangapi?"

Kasuku alikuwa ameshakuja kukaa upande wa pili, amelowa chepechepe, mkono wake ndani ya mkono wa baba yake. Akambonya vidole. Mara moja, mara mbili, mara tatu.

"Watatu," Fundi alisema.

Wakili akahesabu kwa kidole, akaridhika, akarudi majini. Kasuku akanyoosha kiganja chini chini. Fundi akaingiza mkono mfukoni, akampa pipi.

Waliporudi hemani, Bwana Kofia alikuwa amesimama mbele ya zile herufi nne, anazisoma. "Samahani, shemeji, huyu Kari ndiye nani?"

"Kari ndiye mwenye nyumba, sisi wapangaji," mke wa Fundi alijibu, na nywele zake zinachuruzika maji. "Hilo hema mume wangu kalishona kwa mkono wake. Huyu unayemwona hapa hakuna fundi anayemfikia. Yale mahema makubwa ya sherehe unayoyaona mjini, nusu ni yake. Hilo lako zuri, lakini liulize lilishonwa na nani, halijui."

Bwana Kofia alicheka, akavua kofia yake kwa heshima. Fundi alitazama chini. Sifa zile zamani angezipokea kwa kifua.

*

Mvua ilikuja kama saa kumi na moja, bila hodi. Kwanza ilikuwa raha. Wanne wote walijibana ndani ya hema, miguu juu ya miguu, wakisikiliza matone yanavyopiga turubai. Kasuku akaanza kuimba wimbo wa shule na mama yake akamwitikia. "Mnaona?" mama alisema. "Tone moja haliingii. Huko kwa Bwana Kofia saa hizi wanaogelea."

Halafu maji yakaanza kukusanyika juu, kwenye mshono wa mgongo, ule mshono mrefu unaoshika pande mbili za hema. Turubai likazama katikati likawa tumbo. Fundi alilisukuma kwa kiganja kutoka ndani, maji yakamwagika nje, yakajaa tena. Aliposukuma mara ya pili alisikia mlio anaoujua, mlio mdogo wa uzi kukatika, tik, tik, tik, ukikimbia kutoka mwanzo wa mshono hadi mwisho.

Mgongo wa hema ukafunguka wote. Ndoo nne tano za maji zikawashukia kwa mpigo mmoja, juu ya mablanketi, juu ya unga, juu ya begi la nguo, juu ya Kasuku aliyekuwa bado na wimbo mdomoni. Wakatoka wanakanyagana. Nguzo ikaanguka. Watu wa mahema mengine walichungulia, na sehemu yote ile ya kambi ikashuhudia hema la fundi asiye na mwenzake limelala kwenye matope, na neno KARI juu.

Bwana Kofia alikuja anakimbia na mwavuli. Hakucheka, na hilo ndilo lililomuuma Fundi zaidi. "Poleni sana. Pole, shemeji. Haya mambo hutokea."

"Asante," mke alisema. Walibeba vilivyobebeka, wakakimbilia banda la kupikia.

*

Bati lilikuwa linapigwa na mvua kwa kishindo, ikabidi waongee kwa sauti. Walikuwa peke yao pale bandani. Wakili aliwasha jiko la gesi ili wapate joto. Mama yao alikuwa ameburuta upande mmoja wa hema mpaka ndani, na sasa alichuchumaa, akaushika mshono uliofunguka, akaupitisha vidoleni. Alivuta kipande cha uzi. Kikakatika. Akavuta kingine, kikakatika hicho nacho.

Alishashona vifungo elfu ngapi pale dobi, mtu wa kumdanganya kuhusu uzi hayupo.

"Baba Wakili," alisema. "Huu ni uzi wa mashati."

Fundi alinyoosha mikono kwenye jiko.

"Mishono mingine yote ni nailoni, nimeigusa. Mgongo, pahala penye uzito, ndipo umetia uzi wa mashati. Walikuuzia uzi mbaya?"

Alikuwa amempa mlango wa kutokea, na yeye akauingia. "Labda. Maduka ya siku hizi."

"Labda vipi? Uzi wa mashati na wa nailoni hata mimi nautofautisha gizani. Wewe hukuusikia mkononi?"

Hakuusikia kwa sababu hakuushika. Siku ile ya mwisho alichelewa kazini amalizie mgongo wa hema lake, na akamwambia Kasuku alete uzi wa buluu wa rafu ya chini. Rafu ya chini ilikuwa na aina mbili za uzi wa buluu. Mtoto alileta mmoja, akaupachika kwenye cherehani, akaupitisha kila tundu mpaka kwenye sindano, kama alivyozoea. Fundi alikanyaga cherehani tu. Zamani angetupa jicho moja, akaurudisha.

"Aliyeuleta uzi ni nani?" Wakili aliuliza. Hata akitetemeka kwa baridi lilikuwa swali la mahakamani. "Maana kila siku mchana Kasuku yuko karakana. Kasuku, wewe ulichezea nyuzi?"

Kasuku alikuwa amejifunga taulo lililolowa, midomo imebadilika rangi. Alimtazama baba yake. Fundi hakuuona uso wake, ila aliona umemgeukia yeye, na umebaki hapo, unangoja.

"Mimi," Kasuku alisema. "Nilichezea nikazichanganya."

"Unaona!" Wakili alifoka. "Likizo yote imeharibika kwa sababu yako! Watu wote wametucheka!"

"Kasuku," mama yake alisema, na sauti yake ilikuwa ya uchovu wa siku nyingi. "Mara ngapi nimekwambia vitu vya kazi ya baba yako havichezewi? Hebu tazama. Tungeweza kuumia. Kesho ziwani huendi. Utakaa hapa uniangalie nikianika."

Mtoto hakulia kwa sauti. Aliinamisha kichwa, mabega yakawa yanatikisika, na hakusema neno. Kasuku, aliyekuwa akisema kila kitu.

Fundi alijua kwamba akinyamaza hapo alipo, siri imepona. Wangerudi nyumbani, wangelisahau, mtoto angesamehewa kabla ya chakula cha jioni, na Jumatatu angekaa kwenye cherehani yake. Alinyamaza. Nasema alinyamaza kweli, kwa muda ambao baadaye aliuonea aibu kuliko hema, kuliko macho, kuliko kitu chochote alichowahi kufanya. Kisha, pamoja na kishindo cha mvua, akasikia mtoto anavuta kamasi.

"Mwacheni," alisema. "Hakuchezea kitu. Mimi ndiye nilimtuma."

"Umtume mtoto uzi wa kazi?" mkewe aliuliza. "Wewe mikono huna?"

"Macho ndiyo sina. Sioni."

"Huoni nini?"

"Sioni uzi. Sioni tundu la sindano. Kasuku ndiye anayenitilia uzi tangu mwanzo wa mwaka, na ndiye anayenitajia rangi. Wewe hapo ulipo naiona nguo yako. Uso siuoni."

Mkewe aliliachia turubai, akasimama, akatoka nje ya banda, akaenda kusimama kwenye mvua na mgongo amewapa wote. Fundi alipiga hatua moja kumfuata. Kasuku akaja akamshika mkono, akambonya vidole, safari hii bila hesabu yoyote.

Aliporudi, mke alikuwa amelia, na hakujaribu kuficha.

"Mwezi ule wa pili," alisema, "nilitoka kazini mapema. Nikakuona ng'ambo ya barabara. Nikakupungia mkono, nikakuita mpaka watu wakageuka. Ukanipita. Nilirudi nyumbani nikajisemea, basi, mume wangu amenichoka, ananipita barabarani kama nguzo ya umeme. Miezi yote hii nalala na hilo kifuani."

"Sikukuona."

"Najua hukuniona! Sasa najua! Kwa nini nisijue wakati ule?" Alijipangusa uso kwa mkono. "Nilale chumba kimoja na wewe, nikupigie pasi mashati yako, halafu habari zako anazo mtoto wa miaka saba. Umemtwisha mzigo na mimi mkeo nipo, na mabega yangu unayajua. Amekubali kupigwa marufuku ziwani kwa ajili yako. Na wewe ukanyamaza, Baba Wakili. Nimekusikia ukinyamaza."

"Niliogopa."

"Uliogopa nini? Mimi?"

"Nilimwogopa daktari. Niliogopa ufagio." Akawaambia habari za yule fundi mzee, kamba, ufagio, na siku alipokuwa haitwi tena. "Mimi nina kitu gani zaidi ya mshono? Mnaniita Fundi. Nikiondolewa kwenye cherehani mtaniita nani?"

Mkewe alimsogelea. "Tutakuita baba," alisema. "Na wakati mwingine mjinga." Akavuta pumzi. "Jumatatu kazini siendi, na wewe huendi. Tunakwenda hospitali, mimi na wewe. Kama macho yanatibika, yatatibiwa. Kama hayatibiki, hilo neno hutalisikia peke yako. Umenielewa?"

"Nimeelewa."

"Sijakusamehe."

"Najua."

Kisha akapiga magoti mbele ya Kasuku, akamvua lile taulo la maji, akamkumbatia kifuani. "Na wewe, kesho utaogelea mpaka ngozi ibanduke. Umesikia? Siri za watu wazima usibebe tena. Ukipewa, kataa, uniite." Wakili alisimama kando, hajui aweke wapi mikono yake, aliyemshitaki asiye na kosa. Mwishowe alivua sweta lake, ambalo lilikuwa limelowa nusu tu, akamvalisha mdogo wake. Usiku ule walilala bandani juu ya meza mbili walizoziunganisha, wanne chini ya mablanketi mawili aliyowaletea Bwana Kofia.

*

Asubuhi jua lilitoka kana kwamba jana halikuhusika. Mablanketi yao yalikuwa yametandazwa juu ya vichaka, unga umekuwa donge, na hema la KARI lilikuwa juu ya nyasi linafuka mvuke. Wakili alitaka kujua ratiba. Mama yake alisema ratiba ni chai, na chai ikachemka, ina sisimizi wawili watatu ambao hakuna aliyewalalamikia.

"Tunakaa au tunarudi?" Wakili aliuliza.

Fundi alimgeukia mkewe, akangoja aseme yeye.

"Nimesimama kwenye mvuke wa pasi mwaka mzima nikingoja siku tatu hizi," mke alisema. "Siwezi kurudi kwa sababu ya uzi."

Bwana Kofia ndiye aliyeleta dawa, mshipi wa kuvulia samaki, mwembamba na mgumu, bunda zima. "Huu hata samaki mkubwa haukati," alisema. Sindano ya turubai ilikuwepo, maana Fundi hasafiri bila sindano. Aliitoa, akakaa chini, na kwa mazoea akaipeleka upande aliokaa Kasuku.

Mkewe akaidaka njiani. Akaulamba mshipi, akakunja jicho moja, akakosea mara mbili huku akinung'unika, mara ya tatu ukapita. Akamkabidhi sindano, kisha akabaki amenyoosha kiganja.

"Nini?" Fundi aliuliza.

"Na mimi pipi yangu iko wapi?"

Kasuku alicheka mpaka chai ikamtoka puani. Fundi akapekua mfukoni, akapata moja iliyolowa na kugandana na karatasi yake. Mkewe aliitia mdomoni na karatasi nusu, akaitafuna huku amekunja uso.

Alishona kwa vidole. Kidole gumba cha kushoto kilitangulia, kikipapasa ukingo wa turubai, kikipima pindo, na sindano ikafuata hapo hapo kidole kilipotoka. Alikuta kwamba akifumba macho kabisa kazi inakwenda vizuri zaidi, maana ukungu haumsumbui. Akafumba. Bwana Kofia alisimama kutazama, akachuchumaa, mwishowe akakaa kwenye nyasi. "Jirani," alisema, "mlango wa hema langu zipu yake imebanduka tangu mwaka jana. Ukimaliza hapo, kama hutachoka."

"Lilete," mke wa Fundi alisema kabla mumewe hajajibu. "Ila utatia uzi mwenyewe, na pipi zimekwisha."

Mgongo wa hema ulimchukua asubuhi nzima. Mkewe alivuta ule mshono kwa mikono miwili, kwa nguvu zote za mpiga pasi, na haukulia. Hakumsifu. Alisema tu, "Huu utashika," akaenda kuanua mablanketi.

Mchana walishuka tena ziwani. Fundi alikaa pale pale alipokaa jana, kikombe cha chai mkononi. Kasuku alitoka majini akaja kukaa kwake, amelowa, akatia mkono wake ndani ya mkono wa baba yake.

Wakili naye akaja. "Baba, wale ndege wa jana wamerudi."

Fundi alitazama kule kwenye manyasi. Kulikuwa na weupe wa maji, na kijani, na juu yake mwanga. Akasikia vidole vidogo vinaanza kumbonya, mara moja, mara mbili, na mdomo wake wenyewe ukawa tayari na jibu. Akaugeuza mkono wake, akavifunika vile vidole na kuvituliza.

"Siwaoni, wanangu," alisema. "Niambieni. Wakoje?"

Wakili alikaa chini upande wa pili. Akaanza kusema kwamba ni weupe, wana miguu mirefu, na Kasuku akamkatiza kwamba si weupe wote, mmoja ana doa jeusi kichwani, na Wakili akasema hilo si doa ni manyoya, wakabishana. Mama yao alitoka majini akikamua gauni, akakaa nyuma ya mumewe, akamwegemea mgongoni kwa uzito wake wote.

"Wanne," alisema. "Mnamsahau yule mdogo nyuma ya manyasi."

"Huyo anafanya nini?" Fundi aliuliza.

Wakamwambia, wote watatu kwa pamoja, mpaka chai ikapoa.